Pedali ya Pili

Kitu cha mwisho kilichobaki kung'olewa kwenye gari langu kilikuwa pedali ya Baba.

Vingine vyote vilishaondoka. Kiti cha nyuma kilikuwa kimeegemezwa kwenye ukuta wa gereji, zulia limekunjwa juu ya pipa, redio imeacha tundu, na tairi la akiba limegeuka kigoda cha Fundi cha kunywea chai. "Gari la drifti halibebi mizigo ya bure," aliniambia siku ya kwanza, akiwa amelala chini yake, mimi nikimwona miguu tu. "Tunataka lipungue, liwe jepesi, lisikie unachotaka." Nikamjibu kwamba hata mimi nataka kupungua na hakuna anayenisaidia. Akacheka huko huko chini mpaka akagonga kichwa. Nadhani ndiyo siku niliyokiri moyoni kwamba nampenda, ingawa yeye hadi leo anadai alinitangulia kwa mbali.

Lilikuwa gari la kufundishia udereva. Baba yangu ni mwalimu wa udereva, sasa mstaafu, na mji mzima unamwita Mwalimu Taratibu kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa kwenye usukani wake asisikie neno hilo mpaka likamtia kichefuchefu. Magari ya kufundishia huwa na breki mbili. Moja ni ya dereva, nyingine iko mbele ya kiti cha abiria, chini ya mguu wa mwalimu, na zimeunganishwa kwa fimbo moja ya chuma. Ukikanyaga hii, na ile inashuka. Goti la Baba lilipochoka akaacha kazi, akanipa funguo. Gari langu la kwanza. Mimi ni mshonaji wa mapazia na viti vya magari, na Baba alidhani nitalitumia kupelekea wateja mapazia yao, taratibu.

Kwa muda ndivyo nilivyofanya. Kisha siku moja nikapeleka viti kwenye gereji ya Fundi, na Fundi akanichukua kwenda kuangalia drifti, mchezo wa kutelezesha gari kwenye kona. Niliona mwanamke wa umri wangu akilizungusha gari ubavuubavu, nyuma inateleza, mbele anaishika, moshi wa matairi unamzunguka, na uso wake nyuma ya kioo umetulia kama anapiga pasi. Nilisahau kufumba mdomo. Nilirudi nyumbani nikiwa nimewapenda wawili kwa mpigo, mchezo na aliyenipeleka.

Baba aligundua kwa masikio. Fundi alikuwa amechomelea difu ili magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja bila kusubiriana, maana bila hivyo gari la mwanzoni halitelezi sawasawa. Ubaya wake ni kwamba ukikata kona ndogo, tairi moja linaburuzwa na linalalamika. Niliingia getini kwetu jioni moja, tairi likalia, na Baba akaweka kikombe chini kabla sijazima injini.

"Hiyo difu imechomelewa," alisema, bila kugeuka.

Sikuwa na pa kukwepea. Nikamweleza yote, Mama akiwa kasimama mlangoni na mwiko mkononi. Nilimwambia pia kwamba Fundi angependa kuja nyumbani kujitambulisha. Nilijua nimechagua siku mbaya, lakini nilishaanza na ulimi haukutaka kusimama.

"Gari ambalo nimefundishia watu kushika barabara," Baba alisema, "wewe unalifundisha kuiachia."

"Ni mahali maalumu, Baba. Uwanja wa saruji, umezungushiwa ukuta, hakuna watu. Tunavaa helmeti, tunafunga mikanda."

"Nani huyo fundi?"

Nilipomweleza ni nani, Baba alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Yule! Nilimfundisha mimi. Alikuwa anazimikiwa na gari kila kilima. Kila kilima!" Kisha akasema maneno niliyoyabeba wiki nzima. "Sikunyang'anyi. Lakini sikiliza. Siku utakayoligonga, hata kama umegonga ndoo, funguo zinarudi hapa mezani. Na huyo fundi wako asithubutu kukanyaga kwangu na habari za uchumba. Mtu anayemchezea mwanangu kwenye saruji sina haja naye."

Mama akasema, "Baba yake, taratibu." Hakuna aliyecheka.

*

Asubuhi ya siku yangu ya kwanza uwanjani nilifika gereji mapema, nimebeba mito miwili niliyoshonea kiti changu kipya ili nifikie vizuri klachi. Fundi alikuwa ananyoosha kitambaa juu ya boneti, akifuta pasipo na vumbi.

"Umelala?" niliuliza.

"Nililala. Usingizi ndio uliokesha." Akaitazama mito. "Uzi, umeweka maua?"

Uzi ndilo jina alilonipa. Hakuna mwingine anayeniita hivyo, na sitaki awepo.

"Maua yana ubaya gani?"

"Hayana. Gari lina mpini wa breki ya mkono mrefu kama jembe, springi ngumu kama mbao, rejeta ya gari kubwa. Halafu maua." Akaipokea, akaipanga kwa uangalifu, akaibonyeza kwa kiganja kuona kama inakaa. "Yanapendeza basi. Naanza kuyapenda."

Niliinama upande wa abiria nikaona ile pedali bado ipo, inaning'inia mahali pake.

"Fundi. Uliniambia utaitoa."

"Nati imegoma. Kutu."

"Juzi ilikuwa kutu, jana ilikuwa spana imepotea."

"Na leo ni kutu tena. Kutu haina likizo." Alisema hivyo akiwa ameniangalia kwenye paji la uso, si machoni. Ningepaswa kuona. Lakini alikuwa ananifungia mkanda wa helmeti chini ya kidevu, vidole vyake vinanuka sabuni ya kuoshea grisi, na mwenye kupenda ana mambo mengi ya kuangalia kuliko nati.

"Leo jioni nitakwenda kwa mzee," alisema polepole. "Ukirudi salama na gari zima, nitakwenda. Nimenyoosha shati."

"Akikufukuza?"

"Nitarudi kesho. Nimezoea kuzimika kwenye vilima, nawasha tena."

*

Uwanja ulikuwa mpana, saruji tupu, na mwenyewe alikuwa anaukodisha kwa wanaojifunza. Katikati waliweka koni moja. Pembeni walipanga matairi mabovu yakawa ukuta laini. Msimamizi alimwaga maji kwa mpira ili saruji iteleze, maana anayeanza hahitaji kasi, anahitaji utelezi. Masharti yalikuwa machache: mwanafunzi anaweza kukaa na mtu mmoja anayemwelekeza, na mtu huyo asiguse kitu.

Fundi akakaa kiti cha Baba, akafunga mikanda.

"Gia ya kwanza, izunguke koni," alisema. "Ikishaanza kuinama, vuta breki ya mkono, iachie, halafu mafuta. Mikono isishindane na usukani, uache urudi wenyewe. Na wewe..."

"Niangalie ninakotaka kwenda."

"Nani kakuambia?"

"Unafikiri nani? Nimelelewa na Mwalimu Taratibu."

Mara ya kwanza gari liligeuka tu kama linakwenda sokoni. Mara iliyofuata likazunguka lote, tukajikuta tumetazama tulikotoka, tukacheka mpaka kioo kikaingia ukungu. Kisha likaja lenyewe. Nilivuta, nikaachia, nikakanyaga mafuta, na nyuma ya gari ikaniacha mkono taratibu, ikaanza kwenda zake upande, na mikono yangu ikaifuata bila kuniuliza. Koni ilikuwa dirishani kwangu, imesimama pale pale, na sisi ndio tunaoizunguka. Duara zima. Sijui nilipiga kelele gani. Najua nilimsikia Fundi akisema, "Uzi, Uzi, Uzi!" kama mtu aliyeokota pesa.

Nikaingia duara la pili. Nilikwenda mbali kidogo na koni, nikawa na mafuta mengi kidogo, ukuta wa matairi ukapita mbele ya kioo, na nilikuwa nimeshauona. Nilikuwa nimeshaanza kupunguza. Macho yangu yalikuwa kwenye koni, ninakotaka kwenda.

Hapo ndipo pedali yangu ya breki iliposhuka yenyewe. Mguu wangu haukuwa juu yake. Magurudumu ya mbele yakajifunga, usukani ukawa mwepesi, hauna kazi, na gari likaacha kuzunguka, likanyooka moja kwa moja mpaka kwenye matairi. Likapiga kishindo kizito, injini ikazima.

Hatukuumia. Bampa ilibonyea upande mmoja. Nilikaa nimeshika usukani nikisikiliza maji yanavyodondoka kwenye matairi.

"Umenikanyagia breki," nilisema.

"Uzi..."

"Umenikanyagia breki, Fundi."

Nilishuka, nikazunguka upande wake, nikafungua mlango, nikaingiza kichwa chini ya dashibodi. Nati haikuwa na kutu. Ilikuwa inang'aa. Ilikuwa imepakwa grisi mpya, na kiungo cha fimbo kilikuwa kimesafishwa vizuri kuliko kitu kingine chochote kwenye lile gari. Alikuwa ameihudumia. Wiki nzima ananiambia imegoma, kumbe anaipaka mafuta.

"Kutu, eh?"

Alivua helmeti. Nywele zilikuwa zimelowa jasho. "Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Niliuona ukuta, nikakuona wewe, na sikuona kitu kingine. Mguu ulijiendea."

"Na kabla ya ukuta? Gereji, juzi, jana, ulipokuwa unanidanganya, mguu ndio uliokuwa unasema?" Machozi yalikuwa yananitoka na yalinikera, maana nilitaka kugomba na si kulia. "Umenitengenezea gari kwa mikono yako. Umenifundisha. Kila siku unaniambia naweza. Kumbe chini umejiwekea breki yako, endapo sitaweza."

"Naamini unaweza."

"Imani gani hiyo yenye pedali? Nilidhani nimepata mtu wa kukaa pembeni yangu. Kumbe nimepata mwalimu mwingine."

Aliiweka helmeti mapajani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nakupenda, Uzi. Sijui kupenda bila kuogopa. Sijajifunza."

Ningemjibu kitu kibaya, nilikuwa nimeshakiandaa. Lakini nyuma yetu mtu alikohoa, kikohozi ninachokijua tangu nizaliwe.

Baba alikuwa anakuja polepole kutoka nyuma ya tangi la maji, akiutupa mguu wake wa goti bovu kando kidogo kama kawaida yake. Alikuwa amesema hawezi kuja kuona gari lake likidhalilishwa. Alikuwa amevaa suruali ya kazi, ile aliyokuwa akifundishia. Aliangalia bampa. Aliangalia michirizi ya magurudumu kwenye maji. Nikachomoa funguo, nikazishika tayari.

"Nani kakanyaga breki?" aliuliza.

Nilimwona Fundi akinitazama, na nikajua anachokijua. Akinyamaza, gari linarudi mezani kwa Baba na lawama ni yangu, mwanafunzi kakosea, basi. Akisema, shati lake alilolinyoosha halina pa kwenda.

"Ni mimi, mzee," alisema. "Binti yako hakukosea hata kidogo. Alikuwa ameshalishika. Nimemgongesha mimi. Na pedali alitaka itolewe tangu mwanzo, nikamwambia imeshika kutu, haikushika. Nilimdanganya."

Baba alisogea karibu yangu. Akanyoosha mkono, nikampa funguo. Akaingia kwenye gari upande wa abiria, kwa shida, akisukuma goti kwa mkono, akakaa kwenye kiti alichokalia nusu ya maisha yake. Akaikanyaga pedali. Akaiachia. Akaikanyaga tena.

"Laini," alisema. "Nani kaipaka grisi?"

"Mimi, mzee."

"Kazi nzuri." Akauacha mguu juu ya pedali. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ulipokuwa unajifunza, uliwahi kuona naikanyaga hii?"

Nilifikiri. "Hapana. Ulisema mimi nilizaliwa najua."

"Nilikudanganya. Ulikuwa unaniua kwa hofu. Kila njia panda mguu ulikuwa unataka kushuka. Basi nilikuwa naukunja chini ya kiti, hivi, naushikilia kwa mkono ili usifike. Unakumbuka nilikuwa napenda kushika goti? Mama yako anadhani goti hili limeharibiwa na wanafunzi. Limeharibiwa na wewe."

"Baba!"

"Ningeikanyaga mara moja tu, ungekuwa unaisubiri mpaka leo. Ungekuwa unaendesha ukiniangalia mimi." Akamgeukia Fundi. "Nimeona duara lake la kwanza, kijana. Nyuma imeachia, mbele hajapoteza, na macho yalikuwa mahali pake. Mimi mambo haya ya kuchoma matairi siyapendi na sitayapenda. Lakini mikono ile naijua. Na lile la pili nililiona vilevile. Angeliepusha gari na ukuta mwenyewe."

"Najua, mzee. Nimejua nilipokwisha kukanyaga."

"Ndiyo kawaida ya hofu." Baba alianza kutoka, Fundi akamshika mkono, na Baba akakubali kushikwa. Aliposimama alisema, "Leta spana. Ing'oe."

Fundi alilala chali kwenye maji, kichwa chini ya dashibodi, na Baba akainama juu yake akimwelekeza mambo aliyokuwa anayajua tayari: shikilia fimbo, usiiache ikaning'inia, ziba tundu. Nati ilitoka bila kulalamika hata kidogo. Fundi akainyanyua ile pedali, mpira wake umelika katikati kwa soli ya miaka mingi. Baba aliipokea, akaifuta kwa mkono wa shati, akaitia mfukoni, akanirudishia funguo.

"Sasa ingieni mrudie."

"Sote wawili?" niliuliza.

"Kwani mmegombana?"

Fundi aliniangalia, machoni safari hii. Nilikuwa bado nina hasira, lakini ilikuwa imeanza kupoa pembeni, kama chai. "Kama Uzi ataniruhusu," alisema.

"Usiguse kitu," nilimwambia.

"Sigusi."

"Ngoja," Baba alisema. "Vua viatu."

"Mzee?"

"Vua. Mguu wenye kiatu unajifanya una kazi. Lete hapa."

Fundi akavua, akakabidhi viatu vyake vya gereji kupitia dirishani, vimejaa mafuta na maji, na Baba akavishika kwa vidole viwili kama mtu aliyebeba samaki. Akarudi nyuma mpaka kwenye tangi.

Niliwasha. Nilivuta, nikaachia, nikakanyaga mafuta. Ukuta wa matairi ulipotukaribia, Fundi alikuwa ameweka mikono yake chini ya mapaja, na kwenye bati tupu vidole vyake vya miguu vilikuwa vimekunjamana ndani ya soksi.

"Unaogopa?" nilipaza sauti.

"Sana!"

"Na bado upo?"

"Nipo! Nipo, Uzi!"

Ukuta ukapita. Koni ikakaa dirishani pangu na haikuondoka, duara moja, jingine, na jingine. Nilikuwa nacheka na kulia ndani ya helmeti na sikuweza kufuta kitu chochote. Kila tulipomzunguka Baba nilimwona kwa jicho la pembeni, amesimama wima na viatu vya mwanamume mwingine mikononi, na mguu wake wa kulia unakanyaga saruji, unakanyaga saruji.

Tuliposimama, alikuwa hayupo.

Tukashuka, tukamtafuta nyuma ya tangi. Msimamizi alisema mzee amekwenda zake kwa miguu, taratibu. Amesema bampa inyooshwe. Funguo hakuziulizia tena.

"Na viatu vyangu?" Fundi aliuliza.

"Ameondoka navyo."

Fundi alisimama pale na soksi zilizolowa. Nilivua helmeti, nikamsogelea, nikamfuta grisi shavuni kwa kidole gumba, na kwa kuwa haikutoka nikaendelea kufuta. Alisema, "Nisamehe, Uzi." Nikamwambia nimesamehe, ila siku akinitajia kutu tena namrudisha kwao. Akauliza kwao ni wapi, na yeye ameshahamia kwangu moyoni siku nyingi. Maneno ya kipuuzi kabisa, na niliyapenda yote.

Baadaye, tukiwa gereji tunanyoosha bampa, simu yangu ikaita. Alikuwa Mama, ananong'ona kama aliyejificha jikoni.

"Mwanangu, baba yako karudi. Kaingia na viatu vya mwanamume, vichafu hivyo! Kakaa barazani kavisugua na brashi mwenyewe. Sasa kaviweka mlangoni, kwenye mstari mmoja na vya kwetu, na namuuliza ni vya nani ananiambia mwenyewe atavifuata jioni." Akavuta pumzi. "Niongeze sahani?"

Nilimtazama Fundi, ambaye alikuwa amesikia kila neno na macho yake yalikuwa yanaanza kulengwalengwa na machozi.

"Ongeza, Mama," nilisema.